Namna ya Kutengeneza Mkuku wa Boti Ukiwa Lushoto

Sharti la kwanza la kazi hii ni kuwa na boti. La pili ni kuipandisha hadi Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari, ambako hakuna atakayekuharakisha eti kusi imekaa vizuri. Kama umerithi boti ndogo kuukuu ya matanga, yenye mkuku wa kukunja, na shemeji yako wa Tanga amechoka kuiona uani kwake, hongera. Mwongozo huu ni wako.

1. Pandisha. Kutoka Mombo ni zaidi ya kilomita 30 za kona. Kunja mkuku, kisha uufunge kwa mnyororo. Usiutegemee waya wa winchi, kwa maana huenda ndio mgonjwa wako. Ukifika Soni utaulizwa samaki unauzaje. Jibu kwa upole. Swali ni la haki.

2. Mjue mgonjwa. Mkuku huu ni pande la chuma linaloning'inia chini ya boti kwa pini moja na kupandishwa kwa waya. Ukishushwa, upepo wa ubavuni hauisukumi boti kombo. Ukipandishwa, boti inapita kwenye maji ya magotini. Katika Catalina 22, boti iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1969, pande hilo lina kilo 250 hivi. Wavuvi wa ngalawa hawana pini, waya wala winchi, na kila siku wanarudi nyumbani na kitoweo. Usiwaulize wanawezaje. Utakata tamaa.

3. Shusha mkuku. Inua boti na uiegemeze kwenye magogo imara, kisha uteremshe mkuku kwa jeki mpaka ulale chini, ndipo ugonge pini itoke. Kabla haujalala, asiingie mtu chini ya boti, hata yule jirani anayejua kila kitu. Yeye hasa.

4. Tafuta fundi. Pini imelegea na kula tundu, sasa tundu la duara limekuwa yai. Fundi wa boti mlimani hapa humpati, lakini gereji za malori zipo. Aliyezoea pini na bushi za springi za Fuso zinazoshusha kabichi Mombo atakuelewa mara moja: "Hii bushi tu, mzee." Atatoboa tundu upya, atatia bushi na kukereza pini mpya. Dai pini ya chuma kisichoshika kutu. Ya chuma cha kawaida italiwa na maji ya chumvi, nawe utazipanda kona zilezile tena. Bushi iwe ya plastiki ngumu, kwa kuwa metali mbili tofauti zikigusana baharini, iliyo dhaifu huliwa. La muhimu kuliko yote: usitamke neno "boti" kabla hamjapatana bei.

5. Paka rangi. Futa kutu kwa grenda mpaka chuma king'ae, kisha upake epoksi siku hiyohiyo, kabla kutu haijarudi. Epoksi haipendi baridi wala unyevu. Ukipaka Julai, ukungu wa msitu wa Magamba ukishuka, utakuwa na mkuku unaonata na kukusanya wadudu. Subiri Januari au Februari. Majirani watakuuliza haraka ya nini, mbona bahari haiji.

6. Jaribu. Rudisha mkuku kwa waya mpya, uupandishe na kuushusha mara kadhaa. Usukume ubavuni: ukigonga, ongeza washa mpaka unyamaze.

7. Tunza. Kila ukitoka baharini, osha mkuku kwa maji yasiyo na chumvi. Kagua waya mara kwa mara. Uzi wake mmoja ukikatika, badilisha wote. Ukiona huo ni mzigo, iache boti Lushoto. Haitagonga mwamba hata miaka 50, nawe utaendelea kuitwa Nahodha sokoni bila kulowa hata kifundo cha mguu.