Mchome Mzee Sindano: Mwongozo kwa Mwenye Land Rover na Matumaini

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu mmoja tu: yule mwenye Land Rover 109 ya petroli, toleo la kati ya 1971 na 1985, ambayo jana imemzimikia kati ya Kilosa na Mikumi, akarudi nyumbani kwa bodaboda huku amekumbatia betri. Usiku huohuo ameapa kwamba kabureta basi. Shemeji yake wa Dar amemwambia kwenye simu kwamba siku hizi magari yote ni ya injekta, unagusa tu linawaka. Shemeji ana Vitz. Kama mtu huyo ni wewe, vuta kigoda.

Hatua ya 1: Mtafute mchawi, naye awe kabureta

Usipime chochote. Gari likikohoa, ni kabureta. Likichemsha, kabureta. Mlango usipofunga, kabureta ndiyo iliyoanza.

Chombo chenyewe ni cha kizamani mno. Hewa inapita kwenye koo jembamba, inaongeza kasi, presha inashuka, petroli inafyonzwa kupitia vijitundu vya jeti. Pembeni kuna bakuli lenye floti inayopanda na kushuka kama ile ya tangi la choo, na kila ikipanda inasukuma sindano ndogo ya kuzuia mafuta. Hakuna waya wa kupima chochote. Kitu kisichopima kitajuaje kwamba unapanda milima ya Ukaguru?

Hapo, kusema kweli, una hoja. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, lakini kabureta inaendelea kumimina kwa kipimo cha Kilosa bondeni, na nyuma unaacha moshi mweusi. Gari likiinama korongoni, floti nayo inainama, na injini ama inafurika ama inakauka. Na mchana wa Oktoba, ukizima injini dakika 10 ununue ndizi, petroli inachemka ndani ya bomba na pampu inabaki kusukuma mvuke.

Hilo la mwisho lilinikuta ndani ya Hifadhi ya Mikumi, pale ambapo barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza mbugani kwa kilomita 50 hivi. Dawa yake naijua. Pampu ya 109 ina kikombe cha kioo na kijiti cha kupampu kwa kidole: unaifunga tambara bichi, unapampu mara 10, mafuta yanarudi. Tatizo ni kwamba pampu iko chini ya boneti, na juu ya boneti alikuwa amekaa nyani. Tulitazamana kupitia kioo kwa muda mrefu. Kati yetu wawili, mwenye haraka nilikuwa mimi.

Injekta isingenifanyia hivyo. Mafuta yake hukaa kwenye presha kubwa, hayachemki kirahisi, na hayajali gari limeinamia wapi. Kwa hiyo wazo lako si la kijinga. Endelea kujipongeza, maana nafasi nyingine ya kujipongeza iko mbali.

Hatua ya 2: Panda SGR uende Kariakoo

Kabla hujapanda, jua jambo moja: injini hiyo ya sentimita za ujazo 2,286 haikuwahi kutoka kiwandani na injekta hata siku moja. Si kwamba teknolojia haikuwepo. Bosch walishaanza kuuza injekta zinazoongozwa kwa umeme mwaka 1967, kwenye Volkswagen. Range Rover ya mabosi ilizipata katikati ya miaka ya 1980. Mzee wako alizikuta duniani, zikampita.

Kwa hiyo hakuna dukani boksi lenye jina la gari lako. Utaunga mwenyewe. Unahitaji kiungo cha koo cha kukaa mahali pa kabureta, injekta moja au mbili, pampu ya umeme, bomba la kurudisha mafuta tangini, sensa ya joto, sensa ya presha ya manifoldi, sensa ya kusoma mzunguko wa injini, sensa ya oksijeni ya ekzosi, na kontroli boksi ya kuwasikiliza wote hao na kuamua. Lengo lake ni kukaribia sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzani, iwe umepaki Kilosa au unapanda mlima.

Gerezani na Shauri Moyo utavipata vyote, kila kimoja kimetoka kwenye gari tofauti. Muuzaji atakuita bosi. Ukimuuliza kama sensa ya Nissan itaelewana na kontroli boksi ya Toyota, atakuita bosi tena, kwa sauti ya chini zaidi.

Ukitaka usomi, kuna kontroli boksi ya kujiundia iitwayo MegaSquirt, waliyoianzisha Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, mwaka 2001. Hiyo hufundishwa kwa laptop. Wewe unaendesha, mwenzako anakaa kiti cha abiria akibadilisha namba. Tafuta mpwa aliyepita VETA, asiyetapika kwenye matuta.

Hatua ya 3: Mwulize fundi kama inawezekana

Atasema inawezekana. Kwa fundi, neno hilo maana yake ni "lete advansi".

Hatua ya 4: Tandaza waya

Kabureta inakula petroli peke yake. Injekta inakula petroli na umeme, na kwenye umeme ina madeko. Betri ikichoka, oltaneta ikilegea, ethi ikishika kutu, sensa zinaanza kusema uongo na kontroli boksi inauamini. Waya zisokotwe kwa vidole na kufungwa tepu nyeusi, kama kawaida yetu. Vumbi la barabara ya Mikumi litamalizia kazi.

Kontroli boksi usiiweke sakafuni. Sisi wa Kilosa tunajua maji ya mto Mkondoa yanafika wapi yakiamua.

Hatua ya 5: Usiangalie ndani ya tangi

Humo mna miaka 40 ya kutu, mchanga na petroli ya kwenye madumu. Kabureta imekuwa ikivumilia uchafu huo; ukizidi unafungua jeti, unaipuliza kwa mdomo, unatema, unaondoka. Tundu la injekta halipulizwi kwa mdomo. Na ile pampu ya umeme inayokaa ndani ya tangi hupoozwa na petroli yenyewe, hivyo tabia yako ya kutembea na lita tatu huku ukisema "zitatufikisha" itaiunguza.

Hatua ya 6: Fika Ulaya

Kati ya Kilosa na Mikumi kuna kijiji kinaitwa Ulaya. Ukikwama hapo, piga simu nyumbani useme umekwama Ulaya unasubiri spea. Hakuna neno la uongo humo.

Hapo ndipo utakapoijua tofauti ya vifo. Kabureta hufa kama babu wa kijijini: inakohoa wiki mbili, inaaga ndugu, na hata siku ya mwisho inakufikisha penye kivuli. Sensa ya mzunguko hufa kama bulbu. Gari linazima, kimya, na bisibisi yako haina pa kuingia. Watoto wa Ulaya watakuzunguka. Mmoja atauliza, "Anko, si ulipulize?"

Hatua ya 7: Msikilize fundi, kwa kuwa advansi umeshatoa

Mimi nilipofikisha boksi langu la Kariakoo kwa fundi wangu Kilosa, hakulifungua. Alilisogeza kwa mguu, akawasha gari, akanyunyiza maji kidogo kwenye gasketi ya manifoldi. Mngurumo ukabadilika palepale.

"Bosi, umesikia? Inanyonya hewa hapa."

"Kwa hiyo?"

"Hapa hata injekta itadanganywa."

Akaanza kuorodhesha. Injekta haifungwi kwenye injini inayovuja hewa, basi gasketi mpya. Haifungwi na tangi chafu, basi tangi lishushwe, lioshwe, mabomba yabadilishwe, na bomba la petroli lisogezwe mbali na ekzosi ambako lilikuwa likichemshwa kama chai. Haifungwi na ethi yenye kutu, basi waya mpya kutoka betri hadi chesisi, na kutoka chesisi hadi injini. Haiongozwi na distributa ambayo pointi zake zimelika, basi pointi mpya, plagi mpya, taimingi ipangwe upya. Wiki tatu zikapita hivyo. Pesa sizitaji, mke wangu anasoma magazeti.

Siku ya kufunga injekta ilipofika, gereji ilikuwa imejaa na fundi alitaka gari litoke kwanza, apishe lori la miwa. Akairudisha kabureta ya zamani kwa muda, kwa boliti mbili, ili alisogeze tu.

Liliwaka kwa mpigo mmoja. Likatulia, sailensi laini, mpaka kikombe cha chai juu ya betri hakikutikisika. Tukazunguka nalo mji, kisha Kimamba, kisha Mikumi. Saa nane mchana nilizima injini nikanunua ndizi. Ikawaka.

Wapo watakaohitaji injekta kweli: anayepanda milima kila wiki, anayelala kwenye makorongo, mwenye mpwa na laptop. Hao wafunge, ila wamalize kwanza ya gasketi, tangi, ethi na distributa. Wakimaliza na bado wanaitaka, basi wanaitaka kwa dhati.

Shemeji akipiga simu kuuliza kama umeshafunga injekta, mjibu kwamba umefunga. Umeifunga vizuri, ndani ya boksi lake, kwa kamba ya katani ya hukohuko Kilosa, na iko juu ya kabati.