Shangazi Anajibu: Mbuzi Yuko Nje, Wageni Wako Sebuleni

Kipupwe kikishaingia, kati ya Juni na Agosti, barua za Shangazi huongezeka. Mtu wa Arusha ukimwambia kuna baridi, hakimbilii blanketi. Anauliza nani anachinja. Wiki hii barua nyingi ni za walioalika wenzao uani na walioalikwa, na karibu wote wamejuta. Shangazi hana shahada ya ushauri. Ana sweta, ana wavu wa kuchomea, na ana maoni.

*Shikamoo Shangazi. Nimejenga Njiro, nina uwanja mzuri wa majani na nimefunga taa za kuning'inia. Jumamosi niliwaalika wafanyakazi wenzangu saa mbili usiku tuje tuchome nyama. Kufika saa tatu wote walikuwa wamehamia sebuleni, mmoja kajifunika kitambaa cha kochi. Tulibaki nje mimi, mchoma nyama na mbuzi. Nimekosea wapi?*
*Mwenye Taa, Njiro*

Marahaba, mwanangu. Umekosea saa. Mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake umesimama Mlima Meru wenye mita 4,566. Jua likizama, hewa ya kule juu inapoa, na hewa ikipoa inakuwa nzito, basi inateremka taratibu kuja kuwasalimu wageni wako. Usiku wa Julai hufika nyuzi 12 au 13, na taa za kuning'inia hazijawahi kumpasha mtu moto, hata ziwe za bei gani.

Asubuhi nayo usiiamini. Msimu huu pepo za kusi huleta unyevu kutoka baharini, mawingu yakalala juu ya mji mpaka karibu adhuhuri. Saa zako ni kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Waalike saa saba, na uwaambie mapema kwamba saa kumi na mbili mnaagana. Mgeni anayejua saa ya kuondoka hula kwa raha na hamtazamitazami mwenzake kuona nani ataaga kwanza.

La pili, nyama isiwe kitu cha kwanza mgeni kukiona. Mbuzi anachukua muda wake, na mchoma nyama akiharakishwa anakupa kilichoungua nje kikiwa kibichi ndani. Washa mkaa mapema, subiri uwe mwekundu na uvae majivu, ndipo uweke nyama. Wakati huo kila anayeingia getini apewe kikombe cha supu kabla hajakaa. Kama ni mtori wa ndizi mshale, vizuri zaidi. Mtu mwenye mtori tumboni hatazami mlango wa sebule.

*Shangazi, mimi nimetoka Dar es Salaam kikazi. Nilialikwa Sakina, nikauliza nivae nini, nikaambiwa "njoo tu kawaida". Nikaenda na gauni la mabega wazi na sendozi. Nilitetemeka hadi mama mmoja akaniuliza kama nimepima malaria. Tena moshi ulinifuata kila nilipohama.*
*Gauni la Pwani, Sakina*

Pole sana, binti yangu. Kawaida ya Dar na kawaida ya hapa hazijawahi kukutana. Kawaida ya Julai huku ni soksi, viatu vinavyofunika vidole, sweta, na koti juu ya sweta. Ukiona mwanamume kavaa kofia ya sufu saa nane mchana, haumwi, anaishi hapa.

Lakini lawama kubwa namtwika mwenyeji wako. Anayemwalika mtu wa Pwani msimu huu huweka shuka la Kimasai kwenye mgongo wa kiti kabla mgeni hajafika, ili asiombe, maana kuomba shuka mbele ya watu usiowajua ni mtihani. Na meza asiiweke katikati ya uwanja kwa ajili ya picha. Aisogeze karibu na ukuta au ua wa michongoma unaokinga upepo.

Kuhusu moshi, unafuata upepo tu. Kaa upande upepo unakotokea. Waliokuambia moshi hupenda warembo walikuwa wanakitaka kiti chako.

*Shangazi, mume wangu alitaka kuchinja mbuzi mmoja na rafiki zake sita hapa Tengeru. Sasa kuna kundi la WhatsApp lenye watu 94, mwenyekiti, mweka hazina, kadi za singo na za dabo, na MC ameshalipwa nusu. Wiki iliyopita wamepigia kura rangi ya sare. Tarehe imesogezwa mara tatu. Mbuzi bado yu hai na ameanza kuitika jina.*
*Mama Mbuzi, Tengeru*

Mama, barua yako nimeisoma nimesimama.

Watanzania tumejaliwa kipaji cha kamati. Kamati inatuzikia, inatuozea, inatusomeshea watoto, Mungu aibariki. Ubaya wake ni kwamba haijui kitu kidogo. Ukiipa mbuzi mmoja inakurudishia harusi isiyo na bibi harusi. Mji huu ulitoa Azimio mwaka 1967, na sidhani kama mbuzi wa mume wako anastahili vikao vingi kuliko siasa ya Ujamaa.

Hebu tupige hesabu ambayo mweka hazina hataki ipigwe. Mbuzi wa kilo 25 akiwa hai hutoa kama kilo 11 au 12 za nyama pamoja na mifupa. Ukimkadiria mtu nusu kilo, na pembeni kuna ndizi za kuchoma, ugali na kachumbari, hao ni watu ishirini na kitu. Rafiki sita na familia zao wanashiba. Kichwa, utumbo na makongoro vinaingia kwenye supu. Watu 94 wanataka mbuzi wanne, mbuzi wanne wanataka turubai, turubai linataka viti vya kukodi, na penye viti vya kukodi MC lazima atatokea.

Tazama wenyeji wa eneo hili. Wamasai wana orpul: wanaume wanaingia porini na mnyama wao, wanachinja, wanakula nyama na kunywa supu iliyochemshwa na mizizi na magome ya miti. Wanakaa siku kadhaa, na nyama ikiisha wanarudi nyumbani. Kadi ya dabo hakuna.

Hukumu yangu: mume wako atoke kwenye kundi usiku, watu wakiwa wamelala, kisha apige simu sita. Mmoja alete mkaa. Mmoja apitie soko la Tengeru siku ya gulio, Jumatano au Jumamosi, alete ndizi na nyanya. Mwingine alete vinywaji. Mchango unaobebwa mkononi hauhitaji risiti, na aliyekuja na ndizi zake hakai kama mgeni rasmi, anamenya. Mama mkwe wa Kimeru akitokea na chungu cha loshoro, mpe kiti cha karibu na moto na usimuulize alialikwa na nani. MC abaki na ile nusu yake. Ni ada ya kunyamaza.

*Shangazi, mvua ya manyunyu ikianza, shemeji yangu anashusha turubai pande zote nne na kuingiza jiko la mkaa katikati ili tupate joto. Anasema mimi ni mwoga.*
*Mwoga, Ilboru*

Hapa sitanii. Endelea kuwa mwoga. Mkaa unaowaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi, na waliolala hawaamki. Turubai liachwe wazi angalau pande mbili, jiko libaki nje, na usiku lisiingizwe chumbani hata kama linaonekana limezimika. Mtu akilalamika kichwa kimemuuma ghafla, mtoeni kwenye hewa safi na mpelekeni hospitali. Shemeji akitaka joto, apewe supu na koti.

*Niaje Shangazi! Jirani kila Jumamosi anachoma nyama na spika mbili kubwa kama kabati. Madirisha yanatetemeka. Nimshitaki?*
*Chalii wa Kijenge*

Shangazi haambiwi "niaje". Anza upya.

*Shikamoo Shangazi.*

Marahaba. Sheria ipo upande wako: kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zimekuwepo tangu mwaka 2015, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndilo linalozisimamia. Mwenyekiti wa mtaa naye yupo. Ila kabla ya kufika huko nijibu swali moja: umewahi kualikwa? Kelele ya nyama uliyoila haisikiki sana. Nenda Ijumaa, bisha hodi, mwambie kwa upole kwamba spika moja iliyogeuziwa ukuta wake inatosha, kisha usimame kidogo getini. Akiwa na utu utaondoka na mwaliko. Akikosa utu, nenda kwa mwenyekiti.

Na wenyeji mnisikie. Watu wamekuja kuzungumza. Muziki ukimlazimisha mzee kuuliza "umesemaje?" mara tatu, ulipaswa kupunguzwa alipouliza mara ya kwanza.

*Shangazi, wifi yangu huja na mfuko wake wa plastiki na kufunga mapaja ya mbuzi kabla watu hawajanawa. Nifanyeje?*
*Mwenye Mapaja, Sanawari*

Mkumbushe kwamba mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu Juni mosi 2019. Hujamnyima nyama, umetii sheria za nchi. Akirudi na hotpoti, ameshinda. Mjazie.

Wapendwa, Nane Nane ikipita baridi huanza kulegea, kwa hiyo Jumamosi zilizobaki si za kuchezea. Alika watu unaoweza kuwataja majina bila kufungua simu. Taja saa ya kuanza na ya kumaliza, weka supu motoni mapema. Na wewe uliyealikwa saa saba, fika saa saba. Shangazi hajibu barua za waliofika saa kumi wakakuta mifupa.