Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa SADC, yeyote atakayekuwepo ikifika

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika,
Gaborone.

Yah: KITI KILICHOZUNGUKA ZIWA LETU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sijaandika jina lako, na naomba usihesabu kuwa ni utovu wa adabu. Barua ya kutoka Mbamba Bay haiendi mbio kama uenyekiti wenu. Agosti 2025 kiti kilikuwa Antananarivo; kufika Oktoba jeshi lilikuwa limeshamwondoa Rais Rajoelina wa Madagaska, na ikabidi Afrika Kusini iombwe kukishikilia. Kwa usalama zaidi, nakiandikia kiti chenyewe.

Naomba pia barua hii isomwe kwa sauti. Mkutano wenu wa 39 wa wakuu wa nchi, Dar es Salaam, Agosti 2019, ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya Jumuiya, ila kianze kwa mdomo kwanza, maandishi yatafuata. Mimi ni mtu wa kufuata utaratibu. Mtafute msomaji mwenye koo zuri, na karatasi hii mjifanye hamkuiona.

Sasa niingie kwenye hoja. Agosti ile ya 2019 kiti alikipokea Rais Magufuli. Agosti 2020 akakikabidhi kwa Rais Nyusi wa Msumbiji, kwa njia ya mtandao maana ilikuwa zama za korona. Agosti 2021 kikaenda Lilongwe kwa Rais Chakwera, akakaa nacho mwaka mzima. Tanzania, Msumbiji, Malawi. Hapo, Mheshimiwa, umezimaliza nchi zote zinazopakana na Ziwa Nyasa, hakuna ya nne. Miaka mitatu mfululizo mwenyekiti wa kanda nzima alikuwa jirani wa maji haya, na huku mwambao tukaambiana kwamba safari hii watamaliza ubishi wa mpaka. Kiti kikalizunguka ziwa lote bila kulowa mguu hata mmoja.

Suala unalijua. Julai 1890 Waingereza na Wajerumani waliketi Berlin, mezani hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuonja usipa, wakaandika kwamba mpaka upite ukingoni mwa ziwa upande wetu. Malawi imesimama juu ya karatasi hiyo, na hukumbusha kwamba Afrika yenyewe iliamua mjini Cairo mwaka 1964 kuheshimu mipaka ya wakoloni, kwa hoja iliyoletwa na Mwalimu Nyerere. (Hapo na mimi hukosa la kujibu, kwa hiyo naendelea.) Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji, kama ulivyo kati ya Malawi na Msumbiji.

Kwa hesabu za Lilongwe, basi, mama wa Liuli anayesugua sufuria maji yakimfika magotini anaoshea vyombo nje ya nchi, bila hati ya kusafiria. Watoto wanaooga baada ya shule huvuka mpaka jioni moja mara nyingi kuliko waziri wa mambo ya nje kwa mwaka. Gati linalojengwa Mbamba Bay linaanzia Tanzania na kuishia ugenini, na sijui mhandisi alilipimaje.

Mwaka 2011 Malawi ilitoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, mwaka uliofuata maneno yakapanda, na suala likapelekwa kwa jopo la marais wastaafu chini ya Mzee Joaquim Chissano. Mwaka huohuo wa 2012 na sisi tulikuwa na mgawo wetu. Wilaya ya Mbinga ilikatwa: Mbinga ikabaki na milima, kahawa na ngoro za Wamatengo, Wilaya mpya ya Nyasa ikapewa ziwa. Hatukumwita rais mstaafu hata mmoja. Ni kweli kwamba, kwa mujibu wa majirani, Mbinga ilitoa kitu ambacho haikuwa nacho, lakini angalau kikao kiliisha. Upande wenu wenyeviti wamepokezana zaidi ya kumi tangu hapo.

Akina mama wa huku wana mchezo wa kupeana. Zamu ikimfika mtu anaondoka na fedha, na wiki inayofuata wenzake wanataka kuona bati au nyavu. Zamu yenu ikiisha tunaona picha ya pamoja.

Habari za wakubwa kutufikia zikiwa zimechelewa si jambo geni. Tarehe 13 Agosti 1914 (Agosti tena, mwezi wenu wa vikao) meli ya Waingereza, Gwendolen, iliipiga mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu hapa Liuli, enzi hizo ikiitwa Sphinxhafen. Nahodha wa Wissmann, Berndt, aliingia kwenye mashua kwenda kumgombeza rafiki yake Rhoades, nahodha wa Gwendolen, akidhani amelewa. Hakuwa na habari kwamba Ulaya wanapigana. Vivyo hivyo Aprili 2025 mchuuzi alisikia redioni kwamba Tanzania imezuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, kujibu mazuio ya kwao, na siku chache baadaye akasikia kwamba zuio limeondolewa. Nchi zote tatu ni wanachama wa eneo lenu la biashara huria. Nyanya hazikusubiri tamko la pili.

Ombi langu ni dogo. Mkimaliza kupeana kiti Agosti ijayo, kileteni huku. Njia ni lami, mtapita Songea, mtanywa kahawa Mbinga, kisha mteremke mpaka Mbamba Bay. Tutakiweka mchangani, na mbasa wa kuchoma watakuwa tayari. Ukiketi pakavu, mwenyeji wako ni Mkuu wa Wilaya ya Nyasa. Upepo wa kusi ukivuma na wimbi likapita chini ya kiti, utufahamishe papo hapo mwenyeji wako ni nani, ili tujue ankara ya mbasa tuipeleke wapi.

Wako katika ujenzi wa Jumuiya,
Mkazi wa mwambao, upande wa nchi kavu.

Nakala:
Mwenyekiti ajaye.
Atakayempokea.