Sifa za Kibali cha Kupiga Picha

Kibali cha kupiga filamu ni karatasi yenye baraka nyingi, na wanaokinung'unikia hawajakitazama vizuri. Asili yake ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inayodai leseni kwa filamu yoyote itakayotengenezwa Kenya ili ionyeshwe hadharani au iuzwe. Mwombaji hupeleka maelezo kamili ya kila onyesho pamoja na maneno yote yatakayotamkwa, na hapo ndipo hekima inapong'aa. Anayetaka kumrekodi mbega wa Diani hana budi kukaa chini na kuamua mapema mbega ataruka kutoka tawi lipi, na akifika atasema nini.

Bodi ya filamu ni mlango wa kwanza tu. Milima ya Shimba, hifadhi tangu 1968 na makao pekee ya palahala nchini, ina mwenyewe, Shirika la Wanyamapori (KWS). Hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti kule Shimoni vilevile. Droni ina Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kiwanja cha ndege cha Ukunda hakiko mbali na ufuo. Mgeni kutoka nje hupitia wakala aliyesajiliwa. Hivyo mtu aliyekuja kupiga picha ya jua likichomoza baharini huondoka akiijua serikali nzima, elimu ambayo jua lenyewe halifundishi.

Kibali kikitoka huwekwa kwenye mfuko wa nailoni, maana hewa ya chumvi hulegeza karatasi na wino wa muhuri huanza kutambaa. Askari getini hukisoma, hukigeuza, husoma na upande wa nyuma usioandikwa kitu, kisha humtazama mpiga picha kwa heshima. Simu haisumbuliwi; ni stendi ya miguu mitatu inayomfanya mtu kuwa mtengenezaji wa filamu.

Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, una upungufu katika jambo hili la vibali. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni na kufuata neno la mwongozaji, bila nakala tatu.

Sifa kuu ya kibali ni uthabiti. Kimeandikwa tarehe, hakikuandikwa maji. Siku ya bamvua bahari ya Diani hupwa hadi watu wakatembea kuelekea mwambani. Mpiga picha aliyesubiri sahihi hadi alasiri huyakuta maji yamemfika kiunoni, na kibali chake bado ni halali.