Muhuri wa Mzee Kobe

Mzee Kobe alikuwa fundi wa milango, na katika kupima na kuunga hakuwa na mpinzani. Miimo yake ilisimama wima, mfaa ulikaa katikati bila kuegemea upande, na ubao wa mvule aliupiga randa mpaka ukateleza mkononi. Kilichomshinda ni nakshi. Miguu yake mifupi haikuweza kuishika patasi ndogo ikatulia. Na mji ule wa wanyama ulipenda milango ya nakshi. Mlango mtupu haukupata mnunuzi.

Fundi wa nakshi alikuwa mmoja tu, Kigong'ota, aliyekaa juu ya mfenesi mkavu nyuma ya karakana. Mdomo wake ulikuwa patasi na nyundo kwa pamoja. Kobe akawaza, akaona njia ya mkato: akaenda kuomba afanywe mwana wa ukoo ule, ili kila walijualo wao alijue na yeye. Wakamkubali.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Kobe alichonga kama Kigong'ota, hatua kwa hatua kama desturi ya ukoo ilivyosema, na alipofika kwenye hatua ya mwisho, ile isemayo "sasa natia alama yangu", alitia alama yake mwenyewe: magamba 13, kama yale yaliyo mgongoni mwake. Hilo lishike, msomaji, maana tutalirudia.

Asubuhi moja akaja Bi Komba.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina watoto wawili wachanga. Naomba unitobolee tundu juu ya mbuyu, pale kwenye tawi la tatu."

"Mwanangu, mimi ni fundi wa milango."

"Najua, Mzee. Lakini si umeingia ukoo wa Kigong'ota? Na wa ukoo wa Kigong'ota akiombwa tundu hutoboa."

Kobe alitafuta jibu, hakulipata. Lolote ambalo mtu angeweza kumwomba Kigong'ota, sasa aliweza kumwomba na Kobe. Akapanda mbuyu. Alipoanguka, gamba moja lilipasuka, na ule ufa haukuziba tena.

Kosa hili, la kurithi ukoo mzima kwa ajili ya kazi moja, limo ndani ya lugha ya programu ya Java tangu toleo lake la kwanza, mwaka 1996. Kuna klasi iitwayo Stack, yaani rundo: unaweka juu, unatoa juu, basi. Waliounda lugha waliifanya mwana wa Vector, ambayo ni orodha inayokubali kitu kiingizwe mahali popote. Hadi leo mtu anaweza kuchomeka kitu katikati ya rundo lile, na rundo haliwezi kukataa kwa kuwa limerithi. Mimi huwaonyesha wanafunzi mfano huo kabla ya mwingine wowote, kwa sababu urithi unavutia sana siku ya kwanza.

Maumivu yalipopoa, Kobe aliurudisha ukoo kwa wenyewe. Akamwambia Kigong'ota, "Wewe baki Kigong'ota, nami nibaki Kobe. Karakana ni yangu na wateja ni wangu. Ikija kazi ya nakshi nitakuletea, utanifanyia." Huko ndiko kukasimu. Objekti moja inapokea ombi mlangoni, kisha inalikabidhi kwa objekti nyingine inayoijua kazi ile. Mteja haoni uani kuna nani.

Bi Komba aliporudi kuomba tundu la pili, Kobe alimjibu kwa upole kwamba hiyo si kazi ya karakana hii, na jibu likatosha. Msimu wa mayai ulipofika, Kigong'ota akaingia tunduni kuatamia. Kobe hakufunga duka. Alimwita Panya Buku, ambaye meno yake hukata mvule vizuri tu, akamkabidhi mbao. Wateja waliendelea kuchukua milango yao siku ile ile waliyoahidiwa. Mwana hawezi kubadili wazazi kila msimu. Mwenye karakana anaweza kubadili fundi hata mlango ukiwa bado mezani. Nikiulizwa kwa nini nakupenda kukasimu, hutaja hili kwanza: unayemkabidhi kazi unaweza kumbadilisha programu ikiwa inaendelea.

Balaa lilikuja Kigong'ota aliporudi kazini. Bwana Nyati aliagiza mlango wa mbao mbili kwa ajili ya harusi ya bintiye. Kobe akapima, akaunga, akapiga randa, kisha akaupeleka uani na neno moja tu: "Malizia." Siku ya tatu Nyati akaurudisha, ameubeba kwa pembe zake. Akainama, akaonyesha kona ya chini ya kulia. Badala ya magamba 13 palikuwa na unyayo wa ndege, vidole viwili mbele, viwili nyuma.

"Mzee, mimi nimelipia mlango wa Kobe."

Kobe akaenda uani kwa Kigong'ota, hasira zimempanda.

"Kwa nini umetia alama yako?"

"Agizo la mwisho linasemaje, Mzee?"

"Natia alama yangu."

"Na aliyekuwa analisoma ni nani?"

Kobe akanyamaza.

"Uliniletea ubao," Kigong'ota akasema. "Hukuniletea jina. Nilipofika kwenye 'yangu' nikatazama nani ameshika patasi, nikajiona mimi."

Kigong'ota hakukosea. Alitekeleza agizo kama lilivyoandikwa. Kobe alipokuwa mwana wa ukoo, "yangu" ilimaanisha Kobe, kwa kuwa aliyesoma na aliyeulizwa walikuwa kiumbe kimoja. Alipoajiri, viumbe wakawa wawili, na neno lile dogo likahama bila mtu kuliona. Katika Java neno hilo huandikwa this, katika Python huandikwa self. Kwa macho yangu hapa ndipo vijana wengi wanapokwama. Wanatoka kwenye urithi, wanakasimu kama walivyoshauriwa, kila kitu kinaonekana sawa, kisha methodi waliyoiandika upya kwa mikono yao haiitwi kabisa.

Henry Lieberman wa MIT alilieleza jambo hili mwaka 1986, katika makala aliyoiwasilisha kwenye mkutano wa Portland, jimbo la Oregon. Alisema kukasimu kwa kweli ni pale anayekabidhiwa anapofanya kazi kwa niaba ya yule wa kwanza, na "mimi" inabaki kuwa yule aliyeulizwa mlangoni. JavaScript, iliyozaliwa mwaka 1995, inafuata njia hiyo: objekti isiyokuwa na methodi hutazama ya mzazi wake wa mfano (prototype), lakini this inabaki objekti ile iliyoombwa. Kotlin haiko hivyo. Ina neno by linalokabidhi kazi kwa mstari mmoja, na maelezo rasmi ya lugha yenyewe yanatahadharisha kwamba methodi uliyoiandika upya kwako haitaitwa na yule uliyemkabidhi; yeye anazijua zake tu. Ni unyayo ule ule wa ndege. Watu huita yote mawili kukasimu, na mimi nasema si sawa. Lile la Kotlin ni kupitisha ombi, na lingeitwa hivyo watu wasingeshangaa.

Kobe alikaa usiku kucha na kipande cha mpingo. Kulipokucha alikuwa na muhuri mdogo wenye magamba 13. Akabadilisha agizo la mwisho: halikusema tena "natia alama yangu", likasema "tia alama ya mwenye muhuri huu". Tangu siku hiyo kila mlango uliokwenda uani ulikwenda na muhuri umefungwa kwa kamba kwenye mwimo. Kitabu cha mwaka 1994 cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides kinaeleza njia hiyo hiyo: objekti inajipeleka yenyewe pamoja na ombi, ili anayeifanyia kazi ajue anamfanyia nani.

Kuna gharama, na sitaificha. Awali Kigong'ota alihitaji kujua mbao tu. Sasa lazima ajue kwamba kuna muhuri, unafungwa wapi na unabonyezwa vipi. Panya Buku naye ilibidi afundishwe, na siku ya kwanza aliutafuna. Palipokuwa na fundi huru sasa pana fundi anayemfahamu bosi wake. Kama mlango hauhitaji alama, usimfunge mtu kamba hiyo bure. Mpitishie ombi, yatosha. Lakini kwa mlango wenye jina la karakana, Kobe aliona gharama ile inalipika.

Nawe kesho ukifungua msimbo wako, tafuta mahali ulipomkabidhi mwingine kazi. Lifuate ombi mpaka uani, hadi kwenye mstari wenye this, kisha utazame vizuri ni alama ya nani inayotiwa pale.