Mawese kwenye Shotigani: Barua kutoka Kasomeno

Mjomba, shangazi na wote hapo Ushirombo wanaamini nimekuja Kongo kuokota dhahabu. Dhahabu sijaiona. Ninachokiona kutwa ni kabureta, plagi, na jenereta ambazo wenyewe huapa kwamba jana zilikuwa zinawaka.

Kasomeno ni njia panda. Ukitoka Lubumbashi kuelekea kaskazini-mashariki unameza vumbi mpaka ufike hapa, halafu barabara inakuuliza: unakwenda Kasenga, kwenye mto Luapula na Zambia ng'ambo, au unapanda Kilwa na Pweto? Watu wanaisubiri sana barabara ya Kasomeno hadi Mwenda, upande wa Zambia, na daraja lake la Luapula, ili malori ya Dar yapate kuja bila kuzungukia mpaka wa Kasumbalesa. Mimi naiombea isikimbilie sana kukamilika. Lami haijawahi kumlisha fundi.

Sasa sikia kisa cha Julai hii. Mzee mmoja wa hapa, namwita Tata kama wanavyomwita wote, aliingia kibandani kwangu akiwa amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitenge cha mkewe. Nikajua ni springi ya lori. Akafungua: shotigani ya pampu, kalibre 12, ile ambayo ukitaka kukoki unavuta kishikio cha mbele kuja kwako, ganda la risasi linaruka nje, unasukuma, risasi nyingine inaingia.

"Fundi," akasema, "hii kintu iko nakatala kurudia."

Mjomba, mimi ni mgeni katika nchi ya watu. Mgeni kukutwa na bunduki mapajani ni habari ambayo ingewafikia Ushirombo kabla ya barua hii. Nikamwambia ukweli: sishiki kitu mpaka nione karatasi. Tata akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake kibali cha silaha, kibali cha kuwinda, na kadi yake ya ubatizo, sijui ya kazi gani. Alinieleza kwamba silaha huku zina sheria yake ya mwaka 1985 na uwindaji una ya 1982, akazitaja tarehe kwa kichwa kama mtu aliyewahi kusimama mbele ya hakimu. Hata hivyo nikamtuma kijana akamwite mjumbe wa chifu aje akae awe shahidi. Akaja, na akaja na kiti chake.

Nikajaribu tena kujitoa. Nikasema kazi yangu ni pikipiki, bunduki ina mafundi wake Lubumbashi. Hapo mjumbe akaniuliza kabila. Nikajibu Msumbwa, wa Bukombe. Laiti ningejua! Kibanda kizima kiliangua kicheko.

"Basumbwa? Ninyi njo mulileta bunduki huku! Sasa tengeneza."

Wana hoja, mjomba. Msiri, yaani Ngelengwa mwana wa Kalasa, alitoka kwetu karne ya 19 akaja kujijengea ufalme Bunkeya, magharibi ya hapa, ng'ambo ya milima ya Kundelungu. Pembe na shaba zilitoka, bunduki na baruti zikaingia. Baruti ilipoanza kumwishia, na Wasanga aliowatawala wamemwasi, enzi yake ikayumba, na tarehe 20 Desemba 1891 akapigwa risasi na kapteni Bodson wa msafara wa Stairs uliotumwa na mfalme Leopold. Mabaki ya safari zake ni haya: Bayeke, yaani wazao wa watu wake, sehemu ya mizizi ya Kiswahili cha Katanga, na mimi kudaiwa huduma baada ya mauzo.

Nikakubali, kwa sharti moja. Risasi zote zitoke kwanza. Tata alisema hamna kitu ndani. Nikafungua, nikapitisha kidole kwenye chemba, kisha kwenye lile bomba refu la chini ya mtutu linalohifadhi risasi. Chemba tupu. Bomba, naam, lilikuwa na moja imejikunyata huko mwisho. Kimya kiliingia, mjumbe akasogeza kiti chake nyuma. Risasi ile na nyingine zote za mfukoni zikachukuliwa na mke wa Tata, zikalala nyumba ya pili, nasi tukarudia kupekua kana kwamba hatujawahi kupekua.

Kufikia hapo ushauri ulikuwa umejaa kibandani. Mwanajeshi mstaafu alitaka kishikio kivutwe na watu wawili. Shemasi alipendekeza sala kwanza. Mhunzi, ambaye nasikia ujanani aliunda magobore, yale wanayoyaita huku pupu, alikuja na tupa tayari mkononi. Ukiona mtu anaisogelea bunduki ya mwenzake na tupa, mjomba, mnyang'anye hata kama ni mkweo. Chuma kilicholiwa na tupa hakirudi, na ndani ya mashine hii kuna vikato vidogo vinavyozuia nyundo isishuke yenyewe. Ukivilainisha hivyo, bunduki italainika kweli: itakuwa inalia bila kuulizwa.

Kijana mmoja alivuta kishikio, kikagoma katakata, akatangaza kwamba kuna mkono wa mtu. Uchawi ulikuwa mdogo kuliko huo. Bunduki hizi nyingi, nyundo ikishakokiwa, zinajifunga zenyewe. Hazirudi nyuma mpaka ufyatue au ubonyeze kidude kidogo kilicho karibu na triga. Nikabonyeza. Kishikio kikaachia, na kijana akasema ameona mimi nikinong'ona kitu. Sikumkatalia; bei yangu ilikuwa bado haijapangwa.

Lakini hata ikiwa imefunguliwa ilikuwa inakuja kwa shida, inakwamakwama, inanyonya. Nikafungua kifuniko cha mbele, nikachomoa mtutu, nikateremsha kishikio pamoja na vile vyuma viwili bapa vinavyosukuma bolti. Hapo harufu ikanipiga. Harufu ya jikoni. Nikakwangua kidogo kwa kijiti: kitu kizito, rangi ya chungwa iliyoiva, kimechanganyika na vumbi la barabara ya Pweto mpaka kimekuwa unga uliokandwa.

"Tata, unapaka nini humu?"

"Mawese," akajibu kwa fahari. "Ya muzuri. Ya kwetu nyumbani."

Mawese, mjomba! Mwezi wa kumi, joto likiwa kali, mawese ni maji, na bunduki inateleza vizuri tu. Ila nusu ya mafuta yale ni ya aina inayoganda, na Juni na Julai nyanda hizi za Katanga zina baridi ya kulala na masweta mawili. Bunduki ya Tata ilikuwa inaganda pamoja na kibuyu cha jikoni, siku zilezile. Ndiyo maana kila kiangazi alimshuku jirani yake, na mvua zikianza wanapatana.

Kazi yenyewe haina hadithi ndefu. Mafuta ya taa na mswaki wa zamani kuyeyusha ule ugali, kitambaa kukausha kila kitu, kwani mafuta ya taa yakibaki nayo hualika kutu. Chemba nikaisugua kwa brashi, maana ikiwa chafu au ina kutu ganda hung'ang'ania humo na mtu analaumu pampu bure. Nje ya bomba la risasi, kishikio kinapoteleza, palikuwa na vidonda vya kutu. Hivyo nikavibembeleza kwa stilwaya laini kabisa iliyoloweshwa mafuta, bila msasa. Nikaangalia kama bomba limebonyea na kama vile vyuma viwili vimepinda. Vilikuwa vimenyooka. Sehemu ya triga sikuigusa, na nilimwambia mjumbe aniandikie kwamba sikuigusa. Mwisho, mafuta ya cherehani, matone machache, nikayafuta mpaka ubaki utando mwembamba tu. Mhunzi alitaka grisi. Kwa vumbi hili, grisi ni mawese yaliyokwenda shule.

Nikairudisha yote, nikampa Tata akae kwenye kigoda, tupu, mdomo wa mtutu ukitazama kichuguu, avute na kusukuma mpaka mke wake amwite kula bukari, yaani ugali. Tukagundua ugonjwa wa pili, na huo ulikuwa wa mwenye bunduki. Kwa miaka ya kuihurumia amezoea kuvuta nusu, kama anaomba ruhusa. Pampu haitaki adabu: ivutwe mpaka mwisho, isukumwe mpaka mwisho. Kufikia jioni ilikuwa inalia "kra-kra" safi na watoto wa mtaa mzima wanaiga kwa midomo.

Anawindia kanga wanaomfukulia karanga, si kwenye hifadhi ya Kundelungu. Hilo aliapa mbele ya mjumbe, na mjumbe alikohoa. Malipo yangu yalikuwa samaki wa kukausha wa Kasenga, na bidoni zima la mawese, "ya kazi yako, fundi."

Tatizo ni kwamba sifa zimevuka njia panda. Jana amekuja mtu wa kutoka upande wa Kilwa na kitenge kingine kirefu. Kwa hiyo, mjomba, dereva yeyote wa Kahama anayekuja huku, mpe vikopo vya mafuta ya cherehani, vile vyenye mdomo mwembamba. Akiulizwa mpakani, aseme nimefungua ushonaji.