Namna ya Kuonja Kahawa Chungu ya Barazani

Wanaoonja divai nyekundu za bei ya chini za Hispania, zile za Jumilla zitokanazo na zabibu za Monastrell, wana utaratibu wao. Hutazama rangi, hunusa, huzungusha glasi, huvuta funda kwa kelele, kisha hutema na kuanza kusimulia habari za ngozi, matunda meusi na udongo mkavu. Ni utaratibu mzuri na unafaa kuazimwa. Unguja tunacho kinywaji cheusi, kikali, cha bei ya sarafu mfukoni, kinachostahili kuchunguzwa kwa makini yale yale. Badiliko la kwanza: hapa hatutemi.

Anza kwa kuchagua saa. Kahawa chungu hunywewa baada ya swala ya alfajiri, baada ya alasiri, na kuanzia magharibi mpaka usingizi uwashinde watu. Ukifika saa saba mchana, jua likiwa kichwani, utakuta baraza tupu na paka amelala. Mwezi wa Ramadhani shughuli yote huhamia usiku baada ya tarawehe, na kwa maoni yangu huo ndio msimu bora kwa mwonjaji: ulimi umepumzika kutwa nzima, na hakuna mwenye haraka.

Mahali pa kuanzia, kwa mgeni wa Mji Mkongwe, ni Jaws Corner kule Sokomuhogo, njia panda iliyopewa jina la ile filamu ya papa ya mwaka 1975. Pana mabaraza ya saruji, pana dhumna, na tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992 pana siasa za kutosha. Ila usidhani ndipo pekee. Mitaa mingi ya Unguja, ya mjini na ya Ng'ambo, ina muuza kahawa wake na watu wake, na kahawa ya mtaa usiotajwa na mtu mara nyingi inaishinda ya mahali maarufu.

Sasa keti. Sharti hili nalishikilia kuliko yote mengine. Nimewaona wageni wengi, wa Dar es Salaam na Nairobi wakiwemo, wanaopokea kikombe wamesimama, wakakipiga picha, wakakinywa kwa mafunda mawili, wakaondoka na kusema kahawa ya Zanzibar ni kali. Hao hawajaonja. Kahawa hii imepikwa kwa ajili ya mtu aliyekaa, na ladha yake huja kidogo kidogo kadiri kikombe kinavyopoa. Toa salamu kwa wote, si kwa muuzaji peke yake. Ukisema "Asalaam aleikum" utaitikiwa na watu ambao hawakujui, na mmoja wao atasogea. Keti pale aliposogea. Kisha mwambie muuzaji, "Mzee, nitilie kimoja," na usubiri.

Wakati unasubiri litazame dele, yaani birika la kahawa. Chini yake pana makaa, na humo ndimo ulimo ufundi wote. Moto ukizidi, kahawa huchemka ikaungua. Ukipungua, hupoa na kuwa maji ya rangi. Mpishi mzuri huyatawanya makaa na kuyakusanya usiku kucha, mkono wake ukifanya kazi hiyo huku mdomo unabishana habari za Simba na Yanga. Maji nayo hupungua kadiri saa zinavyokwenda, kwa hiyo kikombe cha magharibi na kikombe cha saa nne usiku ni vitu viwili tofauti, ingawa vimetoka chombo kimoja. Cha kwanza ni chepesi na tangawizi ndiyo inayosikika. Cha mwisho ni kizito, kinakamata ulimi. Mwonjaji wa kweli huvijua vyote viwili na ana anachokipenda. Mimi ni mtu wa saa nne.

Kikombe hakina mkono. Kishike kwa ncha za vidole ukingoni, kwa juu, kwani chini kinaunguza. Usikizungushe. Glasi ya divai huzungushwa ili harufu iamke; kahawa hii harufu yake iko macho tangu umefika, na ukiizungusha utatibua mashapo. Badala yake kilete puani polepole. Kwanza utapata moshi, kwa sababu buni ya kahawa hii hukaangwa mpaka iwe nyeusi. Nyuma ya moshi kuna tangawizi. Ukibahatika kuna iliki, ila iliki ni ghali na muuzaji wa barabarani hulazimika kuihesabu. Tazama na uso wa kahawa: weusi unaong'aa kidogo, bila povu.

Funda la kwanza lifyonze, tena kwa sauti. Nyumbani ulikatazwa, hapa unaruhusiwa, na waonjaji wa kahawa wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo hufanya vivyo hivyo. Hewa inayoingia pamoja na kahawa huipoza, na huisukuma harufu kupitia nyuma ya koo hadi puani, ambako sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ndiko inakotambuliwa. Mtu anayekunywa kimya kimya kwa adabu za hotelini anaitupa nusu ya sarafu yake.

Uchungu utafika kwanza. Usikunje uso, usubiri. Kahawa yenyewe hutoka Bara, ambako kuna arabika ya Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga, na robusta ya Kagera. Robusta ina kafeini karibu maradufu na uchungu wake ni wa wazi, hauombi radhi. Kikombe kikikukausha ulimi pembeni, shuku kwamba kuna robusta ndani yake, na usiione kuwa dosari: ni ukavu ule ule ambao mpenzi wa divai ya Jumilla huusifu na kuulipia. Ukishameza, hesabu pumzi mbili tatu. Hapo ndipo tangawizi inapopanda kooni na kifua kikapata joto. Mpishi akitumia tangawizi kavu, joto hilo huuma zaidi kuliko la mbichi.

Usiombe sukari. Nasema hivi kwa upole lakini sitalegeza. Utamu upo, umewekwa nje ya kikombe kwa makusudi: kashata ya njugu au ya nazi, tende, au halua penye maulidi na hitima. Utaratibu huu una ukoo mrefu. Waomani, ambao sultani wao Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, hunywa kahawa bila sukari na tende mkononi, na mwaka 2015 UNESCO iliiweka kahawa ya Kiarabu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la Oman na majirani zake wa Ghuba. Ya Ghuba mara nyingi hukaangwa kidogo, ina rangi ya dhahabu na iliki tele. Ya kwetu imekaangwa sana na kukutana na tangawizi. Ni ndugu, lakini kila mmoja ana tabia zake, na kumlinganisha mmoja kwa kipimo cha mwenzake ni kumwonea.

Kikombe cha kwanza kinywe kitupu, bila kashata. Cha pili, ng'ata kashata kwanza, iache ilainike mdomoni, kisha ipitishie kahawa juu yake. Njugu zilizokaangwa zitaitambua kahawa iliyokaangwa, sukari itaukata uchungu, na utaelewa kwa nini wazee hawa hawajawahi kufikiria kutia maziwa. Acha kunywa kabla ya kufika chini. Mashapo si ya kunywa.

Utaulizwa imekuwaje. Hapa acha msamiati wa divai. Usiwaambie watu wa baraza kuhusu ngozi na matunda meusi. Sema ni nzito au nyepesi, tangawizi imekolea au haijakolea, imeungua au haikuungua. Maneno hayo yanatosha, na mpishi atayafanyia kazi kesho. Kama imeungua, mwambie kwa faragha.

Lipa ukiinuka. Ukiambiwa umekwisha lipiwa na yule aliyekusogezea nafasi, shukuru, usibishane, na ujue zamu yako inakuja.

Desturi ya baraza ni ya wanaume zaidi, na kwa sababu hiyo kahawa nyingine bora kabisa ya kisiwa hiki haiuzwi: inapikwa uani na akina mama na bibi zetu, na huipati mpaka ukaribishwe. Ukikaribishwa, ghairi safari yako ya ufukweni. Wasiokaribishwa wapite soko la Darajani wanunue buni, tangawizi kavu na iliki chache, wajaribu wenyewe. Kaanga buni mpaka iwe nyeusi na ianze kutoa mafuta, itwange kinuni isiwe unga kabisa, ichemshe pamoja na tangawizi iliyopondwa juu ya makaa, si juu ya gesi ya haraka. Iliki iingie mwisho. Ipe muda ituame kabla ya kumimina, na majirani uwe umekwisha waita, maana kahawa hii haipikwi kikombe kimoja.